Magunia Matano Mlangoni Pangu

Mume wangu anawaambia watu wa mtaani kwetu hapa Tunduma kwamba Desemba tulikwenda Lusaka kula bata. Anasema hivyo kibarazani, mbele ya wapangaji wenzetu, na mimi niko hapohapo nachambua maharage. Anatoa simu, anawaonyesha picha: binti yetu ameshika mwavuli mwekundu, mdogo wake yuko mgongoni kwangu, mimi nimeangalia chini. "Familia bila kutoka inachoka," anasema. "Mwanaume lazima uitoe familia." Wanaitikia. Mama mmoja akaniambia, "Una bahati wewe, shoga." Nikatabasamu. Mimi nikiwa na hasira huwa natabasamu, ndiyo kasoro yangu. Maneno hunijia baadaye, moja moja, wakati waliostahili kuyasikia wameshaondoka. Kwa hiyo nayaandika. Shule niliishia darasa la saba kule Itaka na mkono wangu ni mzito, lakini hapa hakuna anayenikimbiza.

Safari ile aliahidiwa mtoto. Binti yetu ana miaka mitano. Siku moja aliona kwenye simu ya baba yake ngazi zinazotembea zenyewe, watu wamesimama tu na zinawapandisha. Hakulala mapema siku ile. Baba yake akamwambia, "Shule zikifungwa nakupeleka Lusaka ukazipande." Basi ikawa wimbo. Chekechea nzima ikajua. Mwalimu wake akaniuliza mimi, kwa heshima kabisa, tunaondoka lini. Nyumbani mtoto alikuwa anapanda kwenye benchi, anashika ukuta, anasimama bila kutikisika, uso umekaza kama askari. "Nafanya mazoezi," anasema.

Mimi niliuliza kitu kimoja tu. "Tutalala wapi?"

"Gesti," mume wangu alijibu. "Kwa mzee nitapita na watoto kumsalimia. Wewe utatusubiri gesti."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Baba yake anaishi Lusaka tangu zamani, anashona viatu sokoni, na mimi katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona. Wao ni Wanamwanga na sisi ni Wanyiha, na pande zote mbili mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akija njia hii, mimi nashika ile. Sikai anapokaa wala sili anapokula. Siku hizi wapo wanaocheka, na mjini wengine wanakaa naye meza moja wakiangalia televisheni. Mimi sikulelewa hivyo. Mama yangu alimheshimu babu yangu namna hiyo mpaka babu anazikwa, na babu naye alimheshimu. Nyumba yetu ya Itaka ilikuwa na mlango wa nyuma, na mlango ule ulikuwa wa mama. Babu hakuukaribia. Sisi watoto tukiegesha jembe pale tulichapwa, na anayetuchapa alikuwa baba, mtoto wa babu, kwa sababu kazi ya kulinda mlango wa mke ni ya mume. Ukiwa na mlango wako, heshima ile haikulemei hata kidogo. Unaingia, unatoka, unaishi.

Tulivuka mpaka kwa miguu asubuhi. Upande wa pili, Nakonde, tulipofika kwenye basi, nikakuta magunia matano ya mchele yametusubiri.

"Ya nani haya?"

"Zawadi ya mzee."

Niliyaangalia. Mzee mmoja na binti yake anayeishi naye, magunia matano. Nikatabasamu. Kondakta alipoanza kuuliza maswali, mume wangu akatunyooshea kidole mimi na watoto. "Mchele wa familia, mukwai, mheshimiwa. Huoni? Wanakula hawa!" Kondakta akacheka, magunia yakaingia kwenye buti. Nilijiona pale kama kibali kilichogongwa muhuri. Lakini mtoto alikuwa ameshapata dirisha, ameshabandika pua kwenye kioo, na mimi nikasema moyoni, basi, acha.

Lusaka ilitupokea kwa mvua. Haikuwa mvua ya kwetu Mbozi inayonyesha mchana ikakuachia jioni uanue nguo. Ile ilikaa. Gari tulilokodi halikuelekea gesti yoyote. Lilikata kushoto, likaingia mitaa ya matope, likasimama mbele ya nyumba ndogo ya bati, na wifi yangu akatoka mbio na mwavuli.

"Gesti iko wapi?" nikamuuliza mume wangu kwa sauti ya chini.

"Hela ya gesti ya nini, na nyumba hii hapa? Ingia, mama, watoto wanalowa."

Nilijitanda khanga mpaka puani, nikapitishwa sebuleni huku wifi akipaza sauti, "Baba, mgeni wako anapita!" Nikasikia kiti kikiburutwa. Nilichoona ni buti za mpira nyeusi, moja ina kiraka kilichoshonwa vizuri sana, zinatoka nje kwenye mvua. Huyo ndiye alikuwa baba mkwe wangu. Alitoka akasimama chini ya ukingo wa bati na gunia kichwani mpaka nilipofika chumba cha ndani.

Ile nyumba ilikuwa na mlango wa nyuma. Niliuona mwenyewe, mwisho wa korido, hatua tatu kutoka chumba chetu. Unatokea uani, kwenye choo, bomba na jiko. Mtu aliyejenga vile alijua siku moja atakuwa na wakamwana. Nilifurahi. Kisha mume wangu na dereva wakaja na gunia la kwanza, wakalisimamisha juu ya matofali, wakaliegemeza kwenye mlango ule. Wakaleta la pili. Wakaleta yote matano.

"Hapa tu ndipo hapavuji," alisema, akijifuta jasho.

Nikamwambia, "Na mimi nitapita wapi?"

"Kwani sebuleni hakuna mlango?"

Alisema hivyo mtoto wa Kinamwanga, mbele ya dada yake. Wifi aliangalia pembeni.

Siku za kawaida mzee huenda sokoni na kisanduku chake cha viatu tangu asubuhi mpaka jioni, na nyumba yote ingekuwa yangu. Lakini soko lilikuwa limejaa maji. Mzee akakaa sebuleni. Kila mara nilipohitaji choo, au maji ya bomba, au kumwaga beseni, binti yangu alitumwa mbele. "Babu, mama anapita!" Kiti kinaburutwa, buti zinatoka, mlango wa mbele unafunguliwa, mvua inaingia. Mimi napita mbio, nakunja kona ya nyumba, naenda uani nikiwa nimelowa. Kurudi, hivyohivyo. Mtoto aliona ni mchezo. Siku ya kwanza alimtoa babu yake mara nane.

Siku ya pili mzee alianza kukohoa.

Wifi yangu ana miaka kama yangu na mdomo mkali, utani wake una pilipili. Aliniletea chai chumbani, akakaa kitandani. "Wifi, unakunywa maji kama ngamia. Utamuua mzee wangu kwa nimonia, halafu nani atakulipia mahari iliyobaki?"

"Nifanye nini?"

"Funga bomba," akasema, akacheka, akanipiga begani. Alipotoka nilimsikia akisimama koridoni, akisukuma magunia kwa mguu na kusonya.

Yeye alitania. Mimi nikafanya kweli. Niliacha kunywa maji. Asubuhi nusu kikombe cha chai, jioni matonge mawili makavu. Niliona nikipita mara mbili tu kwa siku, mzee atapona. Wakati huo nilikuwa namnyonyesha mdogo, ana mwaka na miezi michache, na siku ya tatu alianza kuvuta ziwa, analiachia, ananiangalia, analia. Nilimhamisha upande wa pili. Akalia. Mvua inapiga bati, mtoto analia, mzee anakohoa, na mkubwa amesimama juu ya sanduku la nguo, ameshika ukuta, uso umekaza, anafanya mazoezi.

Na mume wangu? Kila asubuhi alivaa koti lake, akachukua mwavuli wa dada yake, akatoka. Alikuwa anatafuta mteja wa mchele. Wa kwanza alikwama na maji, wa pili alisema subiri jua. Akishindwa kupata mteja anakwenda kuangalia mpira na binamu zake. Jioni anarudi ananuka nyama choma, anambeba mtoto juujuu. "Binti wa Lusaka! Kesho tunakwenda kwenye ngazi!"

Siku ya tatu nilimkalisha chini. Kwangu kumkalisha mtu chini ni kazi, nilianza kupanga maneno tangu saa nne asubuhi.

"Baba watoto, mtoto hapati maziwa."

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Sinywi maji. Nikinywa lazima nipite, nikipita baba anatoka kwenye mvua. Msikie anavyokohoa. Toa hayo magunia."

"Niyaweke wapi? Sebuleni yanyeshewe?"

"Anayenyeshewa sasa hivi ni baba yako."

"Mzee amezoea, huyo ni jasiri." Alikuwa anavua soksi. "Kesho, mama. Mvua ikikata nauza, nayatoa, tunakwenda kwenye ngazi, mambo yote kwisha. Usinikunjie uso, tuko holidei."

Nilitabasamu. Mungu anisamehe kwa tabasamu lile.

Katika siku zile mtu pekee aliyenifikiria ni yule ambaye sikumwona. Kandambili yangu ilikatika nikikimbia uani. Niliitupa pembeni ya mlango. Kesho yake binti yangu akaja nayo imeshonwa kwa uzi mweusi mnene, mishono midogomidogo imelingana. "Babu kasema mama asitembee peku, kuna vigae." Nikamuuliza, babu yukoje? Akafikiri. "Ana masikio ya baba. Lakini ya kwake yanasikia."

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa, Jumapili asubuhi tunarudi. Mume wangu alitoka kabla ya chai. Wifi alikwenda kutafuta mkaa mkavu. Mvua ilikuwa ileile. Binti yangu aliamka mwenyewe, akavaa gauni lake la sikukuu, la njano, akafunga vifungo vyote vibaya, akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, leo ndiyo ile kesho?"

 Nilikuwa na midomo iliyopasuka, ulimi umenata. Nilimwangalia na zile siku tano zikanipanda kifuani kwa pamoja. Mtoto huyu alikuwa anajifunza kitu pale, siku kwa siku, na nilikijua kwa sababu nami nilikuwa nimeshakijua: kwamba ahadi aliyopewa yeye ina uzito kuliko kitu chochote mpaka pale inapokutana na gunia.

Nilimfunga vifungo upya. Nikambeba mdogo mgongoni nikamkaza. Nikaenda koridoni.

Gunia la mchele ni zito, lakini mimi nimekua nikivuta magunia ya kahawa. Ukilikumbatia unashindwa, unalivuta kwa masikio yake huku umekaa nyuma. La kwanza nililiburuta mpaka chumbani, nikalipandisha kitandani, upande anaolala mume wangu. La pili nikaliweka juu yake. Chumba kikajaa. Yalibaki matatu, na nilikuwa nayaona vizuri, na nilijua vizuri ninachotaka kuyafanyia.

Niliyaondoa mlangoni nikayabana ukutani. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu. Niliusukuma kwa bega, ukakataa. Niliupiga teke, mara moja, mara mbili, mtoto mgongoni anaruka na kucheka, na ule mlango ukafunguka kwa kishindo ambacho sebuleni lazima kilisikika. Kikohozi kikanyamaza. Hakuna kiti kilichoburutwa.

Uani kulikuwa kumegeuka ziwa. Maji yalifika juu ya vifundo, meusi, yanatembeza makopo. Kutoka kizingitini mpaka geti dogo ni kama hatua nne. Nilivuta gunia la kwanza nikaliangusha kwenye maji. La pili nikaliangusha mbele yake. La tatu nililiburuta juu ya mengine na kulitupa mwisho kabisa. Kwa mtoto wa mkulima, kumwaga chakula ni dhambi, nilifundishwa kuokota hata punje moja chini ya kinu. Nilisikia mchele ukinywa maji, unafanya sauti ndogo ndani ya gunia, na roho iliniuma kwa ajili ya mkulima aliyeulima. Kwa ajili ya mwenye magunia haikuniuma hata kidogo.

"Mama, ni ngazi?" binti yangu akauliza.

"Ndiyo. Pita. Shika mkono wangu."

Alipita na gauni lake la njano, gunia hadi gunia, hakulowa hata kidole. Geti tukalifungua. Kabla ya kutoka nilikwenda kwenye bomba, nikakinga viganja, nikanywa mpaka tumbo likauma.

Mimi ni mtu ambaye nikipungukiwa chumvi namtuma mtoto kwa jirani. Siku ile nilimsimamisha mama mmoja njiani, mtu baki, kwa Kibemba changu cha kuuzia nyanya mpakani, nikamuuliza penye ngazi zinazotembea. Alinitazama miguu yenye matope, akamtazama mtoto, akacheka, akatupandisha basi akamwambia dereva atushushe wapi. Nauli nilikuwa nayo, kwacha zangu za nyanya, nilizifunga kwenye pindo la khanga tangu Tunduma.

Ngazi zilikuwepo, ndani ya jengo kubwa la maduka. Zilikuwa zinatembea. Tulisimama mbele yake na wote wawili tukaogopa. Zinatokea chini kama ulimi, unaweka mguu wapi? Watu walipita pembeni yetu. Nyuma mwanaume mmoja akasema, "Pitani, amama, pitani," na nikaona aibu yangu yote ya siku zote inanipanda usoni, nikataka kugeuka. Mtoto aliung'ang'ania mkono wangu. Alikuwa amesahau mazoezi yote. Ikabidi nitangulie mimi. Niliweka kandambili yenye uzi mweusi, nikamvuta, tukapanda.

Tulipanda mara kumi na moja. Mlinzi mwenye koti la njano alikuwa anahesabu, ndiye aliyetuambia. Mdogo alilala mgongoni. Mara ya mwisho binti yangu aliinama kutazama pale ngazi zinapoingia sakafuni.

"Zinakwenda wapi?"

"Zinarudi chini."

"Huko chini kunanyesha?"

"Hakunyeshi."

Akaridhika.

Tuliporudi nilipita geti dogo, juu ya magunia yangu. Yalikuwa yamevimba na kukaza, mazuri kukanyaga. Mume wangu alikuwa koridoni, koti linachuruzika.

"Umerogwa? Mchele wangu! Unajua umefanya nini? Magunia matatu! Unamdhalilisha mume wako nyumbani kwa baba yake?"

Nikafungua mdomo na, kama kawaida, hakuna kilichotoka. Ndipo mzee alipokohoa upande wa pili wa pazia la sebule. Alisema kwa lugha yao, na Kinamwanga na Kinyiha si mbali, nilielewa kila neno. Aliongea na ukuta, kama inavyotakiwa.

"Siku ya kwanza nilikwambia nini?"

Mume wangu akaanza kukamua koti.

"Nimeuliza. Ulipoleta hayo magunia, nilikwambia nini?"

"Uliniambia niyatoe, baba."

"Kwa nini?"

"Ni mlango wa mkwe wako."

"Siku ya pili?"

"Uliniambia tena."

"Siku ya tatu nilijaribu mwenyewe, mgongo ukakataa. Wewe ukasema kesho. Basi. Nataka kuku wa faini, na umtafute kwenye mvua hiyohiyo."

 Kumbe mume wangu alikuwa ameambiwa. Siku tano nilidhani ni mtu asiyeona, nikamtafutia sababu, nikajilaumu kwa koo langu. Alikuwa ameambiwa siku ya kwanza, na ya pili, na alikuwa anavua soksi akaniambia mzee amezoea. Hasira niliyokuwa nayo uani ilikuwa ndogo. Hii ya koridoni ndiyo niliyorudi nayo Tunduma, na ndiyo inayonikalisha hapa na kalamu.

Kuku alipatikana Jumamosi, jogoo mwembamba aliyelowa. Wifi alimpika jikoni uani, akiimba na kumtania kaka yake kila alipopita kumwaga mchele uliochacha. "Kaka, wa biriani huo?" Mchana binti yangu alikuja chumbani kwa hatua za taratibu, ameshika kibakuli kwa mikono miwili. Ndani palikuwa na firigisi. Nyumbani kwetu, na kwao, na kila nyumba ninayoijua, firigisi ni ya baba mwenye nyumba.

"Babu kasema hii ya mama."

Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, juu ya magunia mawili yaliyobaki. Aliangalia kibakuli, akaniangalia mimi. Sikutabasamu. Nilikula polepole, firigisi ya jogoo mzee inataka meno, na nilichukua muda wangu wote. Kisha nikamwambia aniletee maji. Akaleta. Nikanywa kikombe kizima, nikamrudishia, akaleta kingine. Nikanywa nacho, nikanyanyuka, nikatoka kwa mlango wangu.